Fentanili si sumu ya mitaani tu
Makala yenu inaiita fentanili "sumu ya mitaani" bila kutaja kwamba dawa hiyo kali ya kutuliza maumivu, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Paul Janssen wa Ubelgiji mwaka 1960, hutumiwa kila siku katika vyumba vya upasuaji, ambako hupimwa kwa mikrogramu na mtaalamu wa nusukaputi hukaa kando ya mgonjwa akiichunga pumzi yake. Pumzi ndiyo hatari yenyewe, maana dawa hii ikizidi huweza kuizima. Hapa Uganda wengi wetu tunaifahamu zaidi mofini ya maji (dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo, ila hiyo hutokana na afyuni), ambayo tangu mwaka 2004 hata wauguzi waliosomea huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa. Mama yangu mkubwa, aliyeugua saratani, aliinywa akalala hadi asubuhi.