Uko Wapi Siku Hizi?

Picha ya kundi letu la WhatsApp ni ile noti ya shilingi 500 yenye Ukumbi wa Nkrumah wa chuo chetu. Aliiweka CR wetu, kiongozi wa darasa, zamani na hakuna aliyewahi kupendekeza nyingine. Mwaka 2025 noti yenyewe ilistaafishwa: Benki Kuu ilitoa muda wa kuibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, basi. Muda ulipokaribia kuisha, kamati ikatangaza kwamba tunatimiza miaka kumi tangu tumalize Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo kutakuwa na hafla hotelini. Mchango laki moja na nusu, fulana humohumo.

Nina neno kuhusu hafla hiyo. Kwenye kundi nikivuka mistari mitatu naambiwa "mwalimu, fupisha", kwa hiyo naliandika hapa.

Sisi ni watu wa ualimu, masomo ya sanaa, tuliingia 2012 tukatoka 2015. Anayezijua ajira za walimu nchini ameshaguna. Waliotutangulia kwa mwaka mmoja tu walisoma majina yao kwenye orodha ya ajira ya 2015, wakafunga mabegi, wakapanda mabasi kwenda Katavi, Kigoma, Mtwara. Sisi tulivaa joho mwaka huohuo tukakaa kusubiri orodha yetu. Katikati ya 2016 ajira mpya zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi. Aprili 2017 ikatoka ripoti ya vyeti feki, watumishi 9,932. Ajira zilipoanza kurudi kidogokidogo, waliotafutwa kwanza ni walimu wa sayansi na hisabati. Sisi wa Historia na Kiswahili tukaendelea kurefresh simu. Kuna wenzetu waliopata baada ya miaka mitano, na wapo walioingia kwenye usaili mwanzoni mwa 2025 wakiwa na watoto watatu, wamepanga foleni moja na vijana waliokuwa shule ya msingi sisi tulipokuwa tunaanza chuo.

Sasa mtu huyo unamwalika hotelini, unampa kipaza sauti, MC anamwambia ajitambulishe: jina, na uko wapi siku hizi.

Kila Mtanzania anajua swali hilo haliulizi mahali. Ukijibu "niko Kimara" watu wanasubiri uendelee. Linataka ofisi, cheo, ikiwezekana na gari uliloegesha nje. Mwenye jibu hulitoa kabla hajaulizwa. Asiye nalo husema "nimejiajiri", anakunywa soda harakaharaka na kukumbuka kwamba ana safari ya mapema. Mimi mwenyewe nimelikimbia swali hilo miaka minne, nikifundisha kwa tempo, yaani kibarua cha muda, shule binafsi ambayo mshahara wake ulikuja ulipojisikia. Nilikuwa napita njia ya nyuma sokoni nikimwona mwenzangu mwenye kitambulisho shingoni.

Kinachonikera ni kwamba hafla za namna hii huwapanga watu kana kwamba waliopata walikimbia kuliko wengine. Katika darasa letu, aliyekuwa akitufundisha wote kwenye vimbweta vya kujisomea usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semesta, leo ni bodaboda Mbezi. Aliyekuwa akinakili desa zake, yaani notisi, ni afisa elimu. Simwonei wivu afisa elimu, ni mchapakazi na alipokuwa na nafasi alitusaidia. Ila alikuwa na Jiografia kama somo la pili, na mjomba.

Halafu kuna Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, ambayo kwenye hafla huwa utani wa kwanza wa MC. Wenye ajira hulalamikia asilimia 15 inayokatwa kwenye mshahara, na wana haki ya kulalamika. Lakini hadi 2021, ambaye hakuwa na mshahara wa kukatwa ndiye deni lake lilikuwa linanenepa: asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, na juu yake asilimia 10 ya kuchelewa kuanza kulipa. Zote zimefutwa, nashukuru. Lakini miaka ile yule wa Mbezi alikuwa anapakia abiria huku anadaiwa zaidi ya alichokula.

Na alichokula ndicho tulichokula wote. Boom, posho ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, lilikuwa shilingi 7,500 kwa siku, kwa mtoto wa mkulima na kwa mtoto wa karani. Aliyekosa chumba alibebwa: watu wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, kichwa huku miguu kule. Mimi nilibebwa hosteli ya Mabibo semesta mbili nzima. Aliyenibeba hajachangia hata shilingi kwenye hafla hii, na jina lake liko kwenye orodha ya mhazini likiwa na kistari mbele yake, orodha inayorushwa kundini kila Ijumaa asubuhi.

Tunajua kukutana, ndiyo maana nasema. Mwaka 2024 mmoja wetu alifiwa na mama yake Morogoro. Hakuna kamati iliyoundwa. Watu kumi na tisa tulikuwa kwenye treni ya mwendokasi siku iliyofuata, nauli 13,000, wengine wamelipiana. Tulipofika, yule bodaboda alikuwa ameshatangulia kwa basi la usiku. Yeye ndiye aliyejua maturubai yamekodiwa wapi, maji yanaletwa na nani, kaburi limefika kina gani. Afisa elimu alivua koti akamfuata akiuliza, "Kaka, nishike wapi?" Usiku tulilala kwenye mikeka tukacheka mpaka mama mmoja akaja kutukumbusha kwamba tupo msibani. Hakuna aliyeuliza mtu yuko wapi siku hizi. Tulikuwa tunaonana hapo hapo.

Dada mmoja wa kamati alinijibu vizuri nilipompelekea hoja hii. "Kwa hiyo tusubiri kufiwa? Mimi nataka kuvaa gauni nionane na watu wangu wakiwa hawalii." Sina jibu la hilo. Wapo pia wanaosema hafla inaleta koneksheni, na ni kweli, koneksheni ndiyo iliyoniingiza kazini hapa nilipo. Ila mwenye kuihitaji kuliko wote ndiye anayeishia kwenye kistari cha mhazini.

Nilipendekeza mambo mawili. Hoteli ifutwe, tupike pilau kwa mmoja wetu mwenye uwanja Goba, anayeweza alete mchele, asiyeweza alete mikono. Na MC asiwepo. Ikapigwa kura: hoteli 41, Goba 12. Fulana zilikuwa zimeshaagizwa, ya kijivu, ina picha ya Nkrumah mgongoni.

Nimelipa yangu. Nikamtumia mwenzangu wa Mabibo ujumbe pembeni kwamba nataka kumlipia na yeye, asilifanye kuwa jambo kubwa. Zile tiki zikawa za bluu, akakaa siku mbili. Jana usiku akajibu: "Tulia mzee. Ikiisha nipigie, nitakuwa hapo nje na pikipiki, nikurudishe nyumbani."