Mafunzo ya ndoa yaje kabla ya kwanjula

Wachumba wengi hapa Uganda huanza mafunzo ya ndoa kadi zikiwa zimeshachapishwa na mahari imeshapokelewa kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi wa binti. Padri au mchungaji amedai cheti, basi wanakimbizana kumaliza vipindi kabla ndoa haijatangazwa kanisani. Hata wakigundua jambo zito, nani atathubutu kuwarudia wazee?

Chukua kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 na 2015 ulionyesha kwamba takribani asilimia 13 ya watoto waliopimwa walibeba chembe moja ya urithi ya ugonjwa huo bila kuwa wagonjwa, yaani AS. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa, yaani SS. Wengi hukosea hapa: hudhani katika watoto wanne mmoja tu ndiye atakayeugua. La, hesabu huanza upya kila mimba. Na msikubali kile kipimo cha zamani kiitwacho "sickling" peke yake, maana hakitofautishi AS na SS. Ombeni kinachotenganisha aina za hemoglobini. Majibu hayo yanafaa kujulikana kabla ya kwanjula, wakati bado kuna nafasi ya kuamua kwa utulivu.

Kisha pesa. Mwalimu mzuri huwatenganisha. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake mshahara baada ya makato, deni la SACCO au la simu, wadogo anaowalipia karo, na anachotuma kijijini kila mwezi. Ndipo wanabadilishana karatasi. Wakiandika pamoja, aghalabu mmoja huficha deni kwa aibu, nalo hujitokeza siku ya kodi ya nyumba. Baada ya hapo wapange bajeti ya mwezi wa kwanza baada ya harusi, si ya harusi yenyewe. Hiyo ina kamati yake. Lakini kamati nayo ina mtego: ahadi zinazotolewa mkutanoni si fedha. Anayelipa ukumbi na mapambo kwa kutegemea ahadi huishia kukopa, na maharusi wakaanza maisha kwa marejesho.

Sheria hupitiwa juujuu, nami naona ni kosa. Ndoa ya kimila inapaswa kusajiliwa ndani ya miezi 6 baada ya sherehe kukamilika. Ardhi ambayo familia inaishi haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hilo limo katika Sheria ya Ardhi ya 1998.

Mambo ya chumbani kwa Baganda yana ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, ila yeye humfunda binti. Kijana wa kiume huachiwa marafiki zake, ambao wengi hawajaoa! Mafunzo yamtafutie mwanamume aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi, azungumze naye faraghani.

Miezi mitatu baada ya harusi, wanandoa warudi na ile bajeti wakiwa wameandika kando yake matumizi halisi. Mstari wa pesa za kijijini ndio wa kuanza nao.