"Sina Swali, Mheshimiwa"

Hivi karibuni nilimsikiliza shahidi wa maabara akiieleza mahakama jinsi vinasaba vya mshtakiwa wa ubakaji vilivyolingana na vile vya kwenye kielelezo. Alipomaliza, wakili wa utetezi aliinuka, akasema, "Sina swali, Mheshimiwa," akaketi. Wakili huyo huyo alikuwa ametumia karibu asubuhi nzima kupinga PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari aliyemchunguza mwathirika, kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa.

Nakiri, shingo upande, kwamba pingamizi lake lilikuwa na msingi, kwani Mahakama ya Rufani imekwisha kuondoa nyaraka nyingi kwenye kumbukumbu kwa kasoro hiyo. Mawakili wetu ni mabingwa wa lakiri, saini na makabidhiano ya vielelezo. Bahasha ikishapita salama, kilichomo ndani hakiulizwi.

Tuseme shahidi ameeleza kwamba wasifu wa vinasaba usiokamilika hupatikana kwa mtu mmoja kati ya milioni, na mwendesha mashtaka akadai kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni mmoja kati ya milioni. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa: sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania, hivyo watu wapatao 60 nchini wangetarajiwa kuwa na wasifu huo, na maabara peke yake haiwezi kutuambia mhusika ni yupi. Swali la kuonyesha tofauti hiyo halihitaji shahada ya kemia, na pale ambapo ushahidi mwingine ni dhaifu, laweza kumwepusha mtu na kifungo cha miaka 30!

Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark, mwenyewe mwanasheria, alifungwa kwa kuwaua wanawe wawili, baada ya daktari kudai kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto wachanga katika familia kama yake ni mmoja kati ya milioni 73, hesabu iliyochukulia kwamba kifo cha kwanza hakihusiani kabisa na cha pili. Ukumbi ulijaa wasomi wa sheria, na hakuna mtaalamu wa takwimu aliyeitwa. Aliachiwa 2003, hasa kwa sababu ya majibu ya vipimo vya bakteria ambayo upande wa utetezi haukuwa umepewa.

Nitaambiwa kwamba wakili wa msaada wa kisheria hapati hata nauli ya kutosha, sembuse fedha za kumwajiri mtaalamu wake. Ni kweli. Lakini kuomba jalada zima la maabara badala ya kuridhika na ripoti fupi hakuhitaji mfadhili, wala kuuliza sampuli ilikuwa na vinasaba vya watu wangapi.