Mionzi baada ya kutolewa kizazi: mgonjwa wa Tanga apime nini?

Mama mdogo alirudi nyumbani Ngamiani na bahasha ya kaki ambayo kwa siku tatu hakuna aliyethubutu kuifungua. Alikuwa ametolewa kizazi kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, kidonda kimekauka vizuri, na majirani walikwisha kuja kumpa pole. Ndani mlikuwa na majibu ya maabara: uvimbe wa sentimita 3, umezama ndani ya nyama ya mlango wa kizazi, chembe za saratani zimeonekana kwenye mishipa midogo, tezi za nyonga zote salama. Chini yake daktari ameandika kwa mkono kwamba aende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi. "Kwani si wameshakitoa?" aliuliza.

Jibu la swali hilo limo katika karatasi ile ile. Saratani ikikutwa kwenye tezi, kwenye kingo za nyama iliyokatwa au kwenye tishu zilizo pembeni mwa kizazi, hakuna ubishi wa maana kwamba mionzi inahitajika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba, baada ya miaka minne, asilimia 81 ya waliopewa mionzi pamoja na dawa za kemo walikuwa hai, ilhali kwa waliopewa mionzi peke yake walikuwa asilimia 71.

Mama mdogo hayumo katika kundi hilo. Yumo katika kundi la kati, la wale ambao tezi zao ni salama lakini uvimbe umezama na chembe zimeingia kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo mzani unapoyumba. Utafiti wa mwaka 1999 uliohusisha wanawake 277 ulikuta kwamba mionzi ilipunguza kurudi kwa ugonjwa kutoka asilimia 28 hadi 15. Hata hivyo, wagonjwa hao walipofuatiliwa zaidi, tofauti ya kuishi haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitisha kwamba mionzi iliongeza umri. Wanaosita wana hoja nzito: mionzi juu ya upasuaji huweza kuumiza utumbo na kibofu, kuubana uke na kuvimbisha miguu, na madhara mengine hujitokeza baada ya miaka.

Wanaoitetea nao wanajua wanachokiogopa, kwani saratani ikirudi ndani ya nyonga huleta maumivu, damu na kuziba kwa mkojo, na kuitibu mara ya pili ni kazi ngumu. Isitoshe, kusubiri na kuangalia ni tiba tu kwa yule anayeangaliwa kweli, kila baada ya miezi michache, na mtu anayejua anachokitafuta. Kwa mwanamke anayeishi zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye mashine, naona hoja hii ina uzito kuliko inavyokuwa kwa mkazi wa Upanga, pale pale Dar es Salaam.

Lakini umbali huo huo hukata pande zote mbili. Mionzi hutolewa takriban mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano, na kukatizwa kwake hupunguza nguvu ya tiba. Upungufu wa damu nao huambatana na matokeo mabaya, kwa hiyo upimwe na kutibiwa mapema. Mwenye virusi vya UKIMWI asiache dawa zake hata siku moja.

Kinachoniuma zaidi kilitokea kabla ya kisu. Utafiti wa Italia wa mwaka 1997 uliwalinganisha wanawake 343 wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo: walioanza na upasuaji na walioanza na mionzi waliishi sawa, asilimia 83 baada ya miaka mitano, ila madhara makubwa yaliwapata asilimia 28 ya waliopasuliwa na asilimia 12 ya wenzao. Zaidi ya nusu ya waliopasuliwa waliishia kupewa mionzi pia. Hospitali iliyomfanyia mama mdogo upasuaji haikumweleza kabisa kwamba ipo njia ya pili.

Jioni ile tulikaa barazani tukahesabu siku kwenye kalenda. Binamu yetu wa Mbagala amekubali kumpokea kwa wiki zote tano. Kipimo cha damu ni kesho asubuhi, na tiketi ya basi la kutoka Kange ni ya Jumapili.