Chumba, Milo na Mazungumzo: Kujifunza Kihispania katika Nyumba za Guatemala

Mtu anayetaka kujifunza Kihispania kwa haraka, na kwa gharama anayoweza kuimudu, mara nyingi huelekezwa Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, kabla ya kuelekezwa Hispania. Katika Antigua, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wahispania hadi ulipobomolewa na matetemeko ya mwaka 1773, na katika Quetzaltenango, mji wa nyanda za juu ambao wenyeji wake huuita Xela, shule za lugha zimekuwa sehemu ya uchumi kwa miongo kadhaa. Mpango wake hautofautiani sana baina ya shule na shule. Asubuhi mwanafunzi huketi na mwalimu wake, wawili peke yao, kwa saa nne au tano. Mchana hurudi katika nyumba ya familia iliyompokea, ambako ana chumba na milo mitatu kwa siku. Na akipenda, baada ya wiki kadhaa hutafutiwa mafunzo kwa vitendo katika zahanati, shule au shirika la kijamii. Sehemu hizo tatu huuzwa kwa pamoja kana kwamba thamani yake ni moja. Mimi sioni hivyo, na naamini anayezinunua bila kuipima kila moja peke yake anaweza kutoa fedha na muda mwingi kwa ile itakayomfaa kidogo.

Kuhusu darasa sina mengi ya kubishia. Huko Salamanca, Hispania, ambako chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218 kimekuwa na kozi za Kihispania kwa wageni tangu 1929, mwanafunzi hukaa katika kundi na husubiri zamu yake ya kusema. Nchini Guatemala zamu ni yake asubuhi nzima, na hana pa kujificha. Ni kweli kwamba walimu hawalingani kwa ujuzi, na kwamba kukaa na mtu mmoja saa nne mfululizo kunachosha pande zote mbili, lakini mwalimu asiyefaa hubadilishwa Ijumaa na mambo yakaendelea Jumatatu.

Suala la nyumba ndilo gumu, na ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Wanaoitetea familia mwenyeji wana hoja nzito, kwa sababu iko lugha isiyofundishika ubaoni. Kitabu humfundisha mwanafunzi kumwita mwenzake «tú», yaani wewe, lakini akiketi mezani Antigua anasikia vijana wakiitana «vos», wewe ya aina nyingine, na kusema «vos tenés» (wewe una), huku «usted», ambalo kitabu kilimwambia ni la wakubwa na wageni, likitumika hata baina ya watu wa nyumba moja wanaopendana. Vivyo hivyo, anayemaliza kula kwanza husema «muchas gracias», yaani asante sana, kwa wote walioko mezani, nao humjibu «buen provecho», kumtakia chakula kimfae. Mgeni anayenyanyuka kimya huonekana hana adabu, hata kama vitenzi vyake vyote ni sahihi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wageni wanaokuja Zanzibar kusoma lugha yetu na kupangiwa kuishi na familia huonyesha tofauti hiyo hiyo: aliyesoma vitabuni tu huingia na «hujambo» kwa kila mtu, na aliyelala wiki mbili nyumbani kwa bibi fulani wa Mji Mkongwe anajua ni nani wa kumpa shikamoo, na kwamba hodi inapoitikiwa ndipo salamu zinapoanza, wala haziishi kwa neno moja.

Hata hivyo, kuwa chini ya paa moja na wenye lugha si sawa na kuzungumza nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijifunza Kirusi nchini Urusi, baadhi yao wakiishi na familia na wengine wakiishi bwenini. Walioishi na familia hawakuwapita wenzao katika kuzungumza, kama wengi walivyotarajia. Faida yao ilionekana zaidi katika kusoma. Urusi si Guatemala, lakini sababu zinazoweza kuleta matokeo kama hayo nazijua na zinavuka mipaka. Mama mwenyeji ana watoto wa kupeleka shule na pengine ana biashara sokoni. Chakula huliwa kwa dakika 20, maswali huwa yale yale ya jana, na mwanafunzi aliyechoshwa na darasa hujifungia chumbani na simu yake, akaongea na watu wa kwao kwa lugha ya kwao. Hali huwa mbaya zaidi pale shule inapowaweka wageni watatu au wanne katika nyumba moja, kwani wataongea Kiingereza wao kwa wao na mwenyeji atabaki mpishi tu. Kwa hiyo mimi naona swali la kuuliza kabla ya kulipa si kama kuna familia, bali ni wageni wangapi wamo katika nyumba hiyo, na nani huketi mezani wakati wa chakula cha jioni. Nyumba yenye mgeni mmoja na bibi asiye na haraka ina thamani kuliko nyumba nzuri yenye wageni wanne.

Liko pia suala ambalo wauzaji wa mipango hii hulipita upesi, nalo ni kwamba ukarimu huu ni kazi, na aghalabu ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anayeamka kupika maharage meusi na ndizi, ndiye anayefua mashuka, na ndiye anayetarajiwa kuwa mwalimu wa pili asiye na jina hilo, akisahihisha kwa upole neno lile lile kwa mara ya kumi. Udhaifu wa nafasi yake ulidhihirika mwaka 2020. Guatemala ilifunga mipaka yake mwezi Machi kwa sababu ya Uviko-19, na uwanja wa ndege wa kimataifa haukufunguliwa tena kwa safari za kawaida hadi Septemba. Mwalimu aliyekuwa na kompyuta na intaneti aliweza kuendelea na wanafunzi wake akiwa kwake; chumba na sahani ya chakula haviuziki kwa intaneti. Upande wa pili wa mizani ni huu: kwa familia nyingi mapato hayo huingia mikononi mwa mama mwenyewe, bila yeye kulazimika kuhama au kuacha watoto, na fedha za mgeni huishia sokoni na kwa muuza tortilla, chapati za mahindi, wa mtaa badala ya kuishia hotelini. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kadiri ile ile ambayo malipo yanamfikia.

Tena si kila mwenyeji amezaliwa na Kihispania. Sensa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba karibu asilimia 42 ya watu wa Guatemala walijitambulisha kuwa Wamaya, watu wa asili wa eneo hilo, na nchini humo husemwa lugha 22 za Kimaya, ambazo sheria ya mwaka 2003 ilizitambua kuwa lugha za taifa. Katika nyumba fulani za Xela bibi huongea Kik'iche' na wanawe, kisha hugeukia Kihispania kwa ajili ya mgeni, kama ambavyo familia ya Mwanza huacha Kisukuma na kushika Kiswahili mgeni anapoingia. Wapo wanafunzi wanaolalamika kwamba hawakulipia Kihispania cha mtu aliyejifunza. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono: Kihispania hicho ndicho watakachokutana nacho sokoni, katika basi na zahanatini, na mtu aliyejifunza lugha mwenyewe huwa na subira kwa anayejifunza.

Ninapofika kwenye mafunzo kwa vitendo, shaka yangu inakuwa kubwa zaidi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nao walikuwa wakizungumzia mgeni anayejua kulima. Hebu tufanye hesabu. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji zaidi ya saa 600 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania, ingawa lugha hiyo imo katika kundi la zile rahisi kwake. Mwanafunzi wa Antigua anayesoma saa 20 kwa wiki hufikisha saa 80 kwa mwezi. Akipelekwa zahanati baada ya mwezi huo, hataelewa mgonjwa anaposema maumivu yanapanda na kushuka, na muuguzi atalazimika kuacha foleni ili amfafanulie. Akipelekwa kwa watoto wadogo, watamzoea kwa wiki tatu kisha ataondoka, na atafuatiwa na mwingine wa wiki tatu. Jambo hili la pili linanisumbua kuliko la kwanza, kwa sababu muuguzi anaweza kulalamika na mtoto hawezi.

Siwezi hata hivyo kuyakataa mafunzo hayo kwa wote. Mkunga, mwanasheria au mwalimu ambaye tayari ana taaluma yake, na ambaye amefika na Kihispania cha wastani, atapata katika wiki nne za kazi msamiati ambao mwalimu yeyote angeshindwa kumpa, na shirika litapata mikono inayojua inachofanya. Tatizo ni muda. Mgeni wa kawaida huruhusiwa siku 90, na siku hizo huhesabiwa kwa pamoja katika Guatemala na baadhi ya nchi jirani, ikiwamo Honduras, hivyo safari ya wiki moja Honduras hupunguza zile zile. Ndani ya wiki 12 au 13 anayeanza na sifuri atapata saa 240 hadi 260 za darasani kama hakupoteza hata wiki moja. Ningekuwa namshauri, ningemwambia azitumie zote darasani na mezani, aachane na fildi kwa safari hii, na akitaka kuwa na manufaa amsaidie mtoto wa mwenyeji wake hesabu za shule jioni, kazi ambayo haimnyang'anyi mtu ajira na ambayo humlazimisha kuongea.

Na kabla hajatuma fedha, aiulize shule ni kiasi gani cha malipo ya makazi humfikia mama mwenyeji, na kama hulipwa kila wiki au hungoja mwisho wa mwezi. Shule inayotaja kiasi hicho bila kusita ni ya kuendelea kuzungumza nayo. Inayokataa kukitaja iachwe, kwani Antigua na Xela hazina upungufu wa shule, na mama huyo ndiye atakayebeba nusu ya mafunzo yake.