Mauaji Yasiyohitaji Mpelelezi

Tamthilia nyingi za mauaji hufa zikishaonyeshwa mara moja. Ukishamjua muuaji, tiketi ya pili ya nini? Diepe Grond, tamthilia ya Reza de Wet kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini, imeikwepa ajali hiyo kwa njia rahisi: haimfichi muuaji hata kidogo. Frikkie na Soekie, kaka na dada wa damu moja wanaoishi kama mke na mume, wamewaua wazazi wao na wamebaki kwenye shamba linalooza, wakiigiza upya adhabu walizopewa utotoni. Akija wakili kutoka mjini kukagua mali, mtazamaji tayari anahofia uhai wa wakili huyo.

Ilianzia kwenye tamasha la michezo ya vyuo mwaka 1985, ikiwa tamthilia ya kwanza ya mwandishi ambaye kabla ya hapo alikuwa mwigizaji. Mwaka 1986 ikafika Market Theatre, Johannesburg, na hapo ndipo historia yake inaponivutia zaidi. Ukumbi ule, uliokuwa zamani soko la matunda, ulifunguliwa Juni 1976, siku chache tu baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Ulijijengea jina kwa tamthilia za kuupinga ubaguzi, kama Woza Albert! Halafu miaka kumi baadaye, mwaka uleule serikali ilipotangaza hali ya hatari nchi nzima, jukwaa hilohilo likaongea Kiafrikana.

Kwa maoni yangu halikukosea njia. Waandishi wa nje walimshambulia Kaburu mlangoni. De Wet alikuwa mtoto wa nyumbani, akamvamia chumbani. Alichukua ulimwengu wa Stories van Rivierplaas, kitabu cha watoto cha Alba Bouwer cha mwaka 1955, chenye shamba tulivu, familia yenye upendo na yaya Mwafrika mwenye hadithi, akauvuruga. Kwa watazamaji waliosomewa kitabu hicho wakiwa wadogo, lazima iliuma kuliko hotuba yoyote ya kisiasa. (Sisi tuliomjua Kaburu kupitia taarifa za habari tu, tungelikosa nusu ya dongo hilo.)

Heshima haikuchelewa. De Wet alipata Tuzo ya Hertzog, tuzo kubwa ya fasihi ya Kiafrikana, mwaka 1994 kwa tamthilia zake, hii ikiwemo. Ikatafsiriwa kwa Kiingereza, na mwaka 2014 ikawa filamu, African Gothic. Mimi bado naamini makao yake ni jukwaani: chumba kimoja, usiku mmoja, waigizaji wanne. Kamera inaweza kukutoa nje ukaone shamba, ukapumua. Ukumbini umefungiwa nao.

Mwigizaji ninayemwangalia zaidi ni wa nne, yaya Alina. Anajua kila kilichotokea, na hajamwita polisi. Anawalinda kwa upendo? Kwa uzee? Au anafurahia kimyakimya kuona nyumba ya mabwana inajila yenyewe? Mwaka 1986 watazamaji Weupe na Weusi, waliokaa pamoja kwenye ukumbi ule usiokubali kutenganishwa, sidhani walimwona Alina mmoja. Kwa hiyo mwongozaji anayemfanya awe mtumishi wa kupitapita tu nyuma ya jukwaa, akiokota vyombo, ameutupa mchezo wote.