Kesi za wakubwa: nani alisaini ile ya kwanza?

Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022 na mwaka haukuisha kabla kesi za watu wa upande wake hazijaanza kutolewa kortini. Iliyopigiwa kelele zaidi ni ya Rigathi Gachagua, wakati huo naibu rais, alikuwa ameshtakiwa Julai 2021 akiwa mbunge wa Mathira, mambo ya shilingi bilioni 7.3, ikifika Novemba 2022 hakimu amekubali iondolewe na jamaa anaenda zake kazini. Mtaani hukumu ilitoka siku hiyo hiyo, sheria ya Kenya ina wenyewe. Hata mimi nilisema hivyo, lakini nimekuja kufikiria hii maneno tena na naona kuna mahali tunakimbia sana.

Wacha nianze na upande wa waliozitoa kwa sababu huwa hausikilizwi. Wewe unakumbuka enzi ya George Kinoti akiwa mkuu wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ile kamatakamata ya Ijumaa, mtu anabebwa jioni ndio alale ndani mpaka Jumatatu, kamera ziko hapo, halafu ushahidi utatafutwa baadaye. Na baada ya Uhuru na Raila kupeana mikono Machi 2018, ukiangalia wanasiasa waliokuwa wanabebwa, wengi ni wa mrengo mmoja, huo wa Ruto. Noordin Haji, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP), alisema kesi ya Gachagua ilipelekwa kortini kwa presha ya DCI na uchunguzi ulikuwa haujaisha, na hata mpelelezi wa hiyo kesi akaapa hati ya kiapo kwamba alisukumwa na wakubwa wake. Sasa kama hayo ni kweli, kuendelea na hiyo kesi ni kumwonea mtu, hata kama humpendi. Katiba yenyewe kifungu cha 157 inamwambia huyo mkurugenzi aangalie maslahi ya umma na azuie sheria isitumiwe vibaya. Kwa hivyo kuondoa kesi mbovu si dhambi, wakati mwingine ndiyo kazi yenyewe.

Sawa. Lakini sasa, nani alisaini ile karatasi ya kwanza, ya kumshtaki?

Si ni Haji huyo huyo? Kinoti angeweza kukamata mtu kila Ijumaa ya mwezi lakini anayeamua kama mtu atashtakiwa ni DPP, na katiba ilimwekea ukuta kila upande, haombi ruhusa ya mtu yeyote, hapokei amri ya mtu yeyote, kipindi chake ni miaka 8 na rais hawezi kuamka asubuhi akamfuta. Mtu aliyepewa ulinzi wote huo akija kusema alisukumwa, mimi hapo ndio nashindwa. Na kama faili lilikuwa tupu, Januari 2022 lilikuwa tupu vile vile, mbona utupu ulionekana baada ya Ruto kuapishwa pale Kasarani? Watu walipeleka malalamiko Tume ya Utumishi wa Umma wakitaka aondolewe, tume ikayatupa, na 2023 hiyo hiyo akahamia NIS kuwa mkuu wa ujasusi. Sisemi alilipwa, nasema tu ukitaka wananchi waamini, huko si kuwasaidia.

Tena si kwamba hatukujaribu kuzuia. Kabla ya 2010 kazi hii ilikuwa ya Mwanasheria Mkuu, na Amos Wako, aliyekaa hapo toka 1991 mpaka 2011, alikuwa na uwezo wa kuzima kesi bila kuuliza korti. Wazee wanakumbuka 2005, Tom Cholmondeley, Mzungu mwenye ranchi, alivyompiga risasi askari wa wanyamapori wa KWS, Samson ole Sisina, na Wako akaifuta ile kesi ya mauaji, Wamaasai wakaandamana. Ndio katiba mpya ikaweka kwamba DPP hawezi kuacha kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwa karatasi ni nzuri sana. Ila hakimu naye atafanya nini, mwendesha mashtaka akisimama aseme sina ushahidi, hakimu avue joho aanze kuhoji mashahidi yeye?

Na si lazima hata uondoe kesi. Angalia ya Henry Rotich, aliyekuwa waziri wa fedha, na yale mabwawa ya Arror na Kimwarer, bilioni 63, hiyo haikuondolewa, ilienda mpaka hakimu akaamua. Mashahidi walikuwa 49 na upande wa mashtaka ukahoji 8 tu, hao wengine ni kama walikuja kusalimia. Desemba 2023 hakimu Eunice Nyutu akawaachilia Rotich na wenzake huku akilaumu wazi uzembe wa upande wa mashtaka. Kisheria huko ni kuachiliwa huru, kilichobaki ni rufaa tu. Ya Gachagua iliondolewa kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambacho watu wengi hawakielewi, maana yake si kwamba umesafishwa, maana yake ni nenda nyumbani ila tunaweza kukurudisha. Yaani faili linalala kwa droo. Sasa mwanasiasa mwenye faili lake limelala kwa droo ya serikali, wewe unadhani atapiga kura bungeni kwa uhuru gani? Na Oktoba 2024 Gachagua alipotimuliwa unaibu rais, kati ya mashtaka 11 ya wabunge kulikuwa na utajiri wa bilioni 5.2 usioelezeka. Miaka miwili tu nyuma alikuwa msafi kwa macho ya hao hao.

Wakili mmoja ninayemjua ananiambia namlaumu DPP bure, kwamba yeye anapika kile DCI na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wamemletea, na wakileta mawe atapika mawe. Anayo point. Lakini mpishi anaruhusiwa kukataa mawe mlangoni, na ofisi yenyewe ina mwongozo wake wa 2019 wa kuamua nani ashtakiwe, unataka ushahidi wa kutosha kwanza halafu maslahi ya umma. Ningekuwa mimi ningedai sababu ziandikwe na zitolewe hadharani pale mwanzo, kwa kila kesi ya mkubwa, ndio siku ya kuondoa tuziweke hizo karatasi mbili kando kando tuulize ni kipi kimebadilika, ushahidi ama serikali.

Renson Ingonga alikalia kiti hicho cha DPP Septemba 2023, na ukihesabu ile miaka 8 unafika 2031. Uchaguzi ni Agosti 2027. Awe ni Ruto tena ama mwingine, faili zote zitakuwa mezani kwa Ingonga, pamoja na zile za 87(a).